Rais Mstaafu Kwenye Foleni ya Jiko

Kabla sijamwendesha rais mstaafu wa Meksiko, mtu mwenye madaraka makubwa kuliko wote niliowahi kuishi nao alikuwa mwenyekiti wa jiko letu pale Al Mansoura, jijini Doha. Tulikuwa wanaume kumi na wanne katika nyumba moja iliyokatwakatwa kwa mbao hadi ikatoa vyumba saba, na jiko lilikuwa moja tu. Lilikuwa la gesi, lenye sehemu nne za kupikia. Mbili zilikuwa zikiwaka, mbili tukizitumia kama meza ya kukatia vitunguu. Mlango wa chumba cha jiko ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulikuwa shingoni mwa mwenyekiti, ukining'inia kwenye kamba ya kiatu.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa pwani ya Kenya, mnene, mwenye sauti ya upole, mkuu wa walinzi kwenye duka moja kubwa huko Al Sadd. Hakuna kati yetu aliyekumbuka alichaguliwa lini. Mwenyewe alieleza kwamba waliomchagua walisharudi makwao, na kwa kuwa hawapo, hakuna mwenye haki ya kumwondoa. Ratiba ya zamu aliiandika kwa mkono wake na kuibandika juu ya sinki. Siku ya Ijumaa, ambayo wengi wetu tulishinda nyumbani, zamu tamu ya saa saba, watu wakitoka msikitini na njaa ikiwa mbichi, ilikuwa yake. Mimi nilipewa saa kumi. Chumba cha tatu kilipewa saa nane, na nadhani ni kwa sababu wao humletea samaki kutoka Al Wakrah.

Niliiona dhuluma hiyo kwa macho ya kitaalamu. Kabla ya kuja Doha kuendesha magari ya wageni, nilikuwa mwalimu wa historia na uraia huko magharibi mwa Kenya, na nyumba nzima iliniita Mwalimu. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu mihula ya uongozi, mgawanyo wa madaraka na haki za raia. Sasa nilikuwa nakula ugali saa kumi na moja jioni kwa amri ya mtu mwenye kamba ya kiatu shingoni, na sikufungua mdomo.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mganda, mlinda mlango wa hoteli huko huko Al Sadd, mrefu, mtu wa maneno machache yenye miiba. Tulimwita Ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, kwa sababu yeye alimwita kila mtu hivyo. Ndiye wa kwanza niliyemwambia nilipopangiwa ile kazi.

"Kesho nampokea rais wa Meksiko," nikasema.

"Wa sasa?"

"Mstaafu."

Ssebo akakaa kitandani. "Mstaafu, ssebo? Yaani mtu anakuwa rais, halafu anaacha, halafu anapanda ndege kutembea?" Akatikisa kichwa. "Hayo maneno mawili, rais na mstaafu, mimi tangu nizaliwe sijayasikia yamekaa pamoja. Mwangalie vizuri. Uje uniambie anafananaje."

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na ushee, Doha ikichimbwa kila upande, barabara uliyopita asubuhi ukiikuta jioni imehamia kwingine. Mpanga safari wa kampuni yetu, Mhindi wa Kerala aliyekuwa akila pilipili mbichi kama karanga, alinipa gari jeusi na onyo moja. "Mwalimu, huyu ni mkubwa. Hakuna hadithi. Endesha, nyamaza, khalas."

Jina la mzee yule silitaji. Na mambo mawili matatu ya maisha yake nimeyageuza kwa makusudi, maana aliyasema akiwa kiti cha nyuma, na maneno ya kiti cha nyuma dereva hayatembezi ovyo. Alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe na mabega ya mtu aliyebeba vitu ujanani. Alikuja kuhutubia kongamano kuhusu miji na maji. Aliandamana na katibu wake, mama mmoja wa makamo mwenye simu mbili na faili la rangi ya kijani, ambaye kabla hajafunga mkanda alishanisomea sheria: mzee hali chumvi, haketi juani, na hazungumzi siasa na watu asiowajua.

Siku ya kwanza tulikwenda hivyo, kimya. Siku ya pili katibu alibaki hotelini kuandaa hotuba, nami nikampeleka mzee peke yake kwenye chakula cha mchana cha wakubwa. Tulikwama kwenye barabara moja ya mchepuko kwa muda mrefu. Nikamwona kwenye kioo akilegeza kamba za viatu.

"Unatoka wapi?" akauliza kwa Kiingereza. Alikuwa na Kiingereza cha kwao, nami nilikuwa na cha kwetu, tukakutana katikati.

"Kenya, mheshimiwa."

"Na kabla ya gari ulikuwa nani?"

Swali hilo hakuna abiria aliyewahi kuniuliza. Nikasema nilikuwa mwalimu wa historia.

"Basi niambie. Uliwafundisha nini watoto kuhusu Meksiko?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alinitazama kama mkaguzi wa shule, na mbele ya mkaguzi mimi husema kweli. "Ukurasa mmoja, mheshimiwa. Kwamba mahindi yalianzia huko."

Alicheka hadi akashika kiti changu. "Ukurasa mmoja! Na ni wa kweli. Kwa hiyo mnakula mahindi yetu."

Hapo nikasahau mpanga safari, pilipili zake na onyo lake. Nikamwambia kwamba mahindi yanaweza kuwa yalianzia kwao, lakini ugali ni wetu, tena wa mababu. Akauliza ugali ni nini. Nikaeleza. Akasema huo ni uji ulioachwa motoni na mtu mvivu. Nikamwambia kwamba kule kwetu kuna watu waliovunja uchumba kwa maneno madogo kuliko hayo. Akafurahi sana. Tangu dakika hiyo tukawa watu wa kubishana, na mtu anayebishana nawe kuhusu chakula huwezi tena kumwogopa.

Basi akaanza kunisimulia maisha yake, vipande vipande, kutoka mchepuko hadi mchepuko. Baba yake alikuwa fundi wa saa katika mji mdogo wenye ukame. Yeye alirithi bisibisi ndogo na uvumilivu. Alipogombea umeya wa mji ule akiwa kijana, hakuwa na chama chenye nguvu wala jukwaa, kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba akirekebisha saa za ukutani bure.

"Siku ya kura," akasema, "watu wangu wote walifika kituoni mapema."

"Na wa mpinzani wako?"

"Walichelewa."

"Saa zao ulizifanya nini, mheshimiwa?"

"Sikuzigusa hata moja," akajibu kwa unyenyekevu. "Ndiyo maana zilichelewa."

Kutoka umeya akaenda bungeni, kutoka bungeni akawa gavana, kisha waziri, na mwisho rais. Urais wenyewe aliusimulia kama mtu anayesimulia ugonjwa aliopona. Kwao, mkesha wa sikukuu ya uhuru, rais husimama kwenye roshani mbele ya umati, akapiga kengele na kuyataja kwa sauti majina ya mashujaa. Mwaka wake wa kwanza aliogopa kusahau, akayaandika kiganjani. Jasho likayafuta. "Shujaa mmoja nilimtaja mara mbili," akaniambia. "Umati ukaitikia mara zote mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukiwa juu ya roshani watu watakuitikia chochote, na nikaanza kuogopa."

Nikamuuliza alikaa miaka mingapi.

"Sita. Kwetu kila rais ni sita, mara moja, basi. Harudi tena maisha yake yote."

"Hata akipendwa?"

"Hasa akipendwa."

Nikamuuliza kama hakutamani kubaki. Akatazama winchi za ujenzi. Kisha akasema kwamba mwaka wa tano marafiki zake walimjia na wazo kwamba sheria ni maandishi, na maandishi hufutika. Akawaomba wiki moja ya kufikiri.

"Wiki nzima, mheshimiwa?"

"Nzima. Watu wanadhani nilikataa papo hapo, na sijawahi kuwasahihisha." Akajikuna sikio. "Mke wangu ndiye aliyenisaidia. Aliniuliza kama ningependa hata siku ya kufa nichunguliwe na walinzi mlangoni. Nikawaambia marafiki hapana. Asubuhi ya kwanza nyumbani, simu haikulia. Saa tano nikaiinua kuona kama imekatwa. Ilikuwa nzima."

Jioni hiyo nilimweleza Ssebo kila kitu. Alisikiliza akiwa amelala chali. Mwisho akauliza, "Na huyo mzee anaonekana mgonjwa?"

"Hapana. Ana afya."

"Maajabu," akasema Ssebo, akageukia ukutani.

Kongamano liliisha Alhamisi. Ndege yao ilikuwa Ijumaa jioni, na katibu alikuwa amempangia mzee mapumziko hotelini na baadaye kuzungushwa kwenye jumba la makumbusho. Ijumaa saa saba nikaitwa. Nikamkuta mzee amesimama mlangoni mwa hoteli peke yake, amevaa shati la mikono mifupi, akitazama huku na huku kama mwanafunzi anayetoroka bweni.

"Katibu yuko kwenye simu zote mbili," akasema akiingia kiti cha mbele. "Tuna nusu saa kabla hajagundua. Nionyeshe mlichoyafanyia mahindi yetu."

Nilijua kwamba naweza kupoteza kazi. Nilijua pia kwamba kuna kilo mbili za unga wa kwetu chini ya kitanda changu, umeletwa na jamaa aliyetoka likizo, na kwamba nafasi ya kumshinda mtu huyu kwenye ubishi haitarudi. Nikawasha gari.

Nyumbani watu walikuwa wametapakaa ukumbini kwa vikoi na fulana. Nilipotangaza kwamba huyu ni rais mstaafu wa Meksiko, baadhi walisimama, baadhi walicheka, na Ssebo alimzunguka mzee polepole kama mtu anayekagua gari la mtumba. Nikampeleka moja kwa moja jikoni. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wake.

"Mwalimu, zamu yako saa kumi," akasema kwa upole.

"Mwenyekiti, nina mgeni. Huyu alikuwa rais wa nchi."

"Nimesikia, na namheshimu. Lakini sasa inaingia saa nane, na saa nane ni ya chumba cha tatu. Hata angekuwa rais wa mbingu saba, ndugu yangu, ratiba ni ratiba. Nikimpitisha huyu leo, kesho mtaniletea gavana."

Mzee aliniuliza bwana huyu anasema nini.

"Anasema karibu sana," nikamtafsiria.

"Maneno yote yale ni karibu tu?"

Nikaona aibu, nikamwambia ukweli. Badala ya kukasirika, uso wake ulichangamka. Akamtazama mwenyekiti kwa macho ya fundi aliyekutana na fundi mwenzake. Akavuta ndoo iliyokuwa ukumbini, akaigeuza, akaketi juu yake. "Mwambie nitasubiri zamu," akasema. "Na mwambie nataka kujua amekaa kwenye kiti hicho muda gani."

Nikauliza kwa niaba yake, maana Kiingereza cha mzee kilimpita mwenyekiti kando, nyumba yote ikisikiliza.

"Miaka tisa, kwa uwezo wa Mungu," akajibu mwenyekiti.

"Mimi nilipewa sita," akasema mzee.

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana. Ulishindwa kura?"

"Hapana. Ni sheria. Zamani sana tulikuwa na mmoja aliyekaa zaidi ya miaka thelathini. Ikabidi tupigane vita ndipo aondoke."

"Alikuwa amekosea nini?"

"Mwanzoni, hakuna," akasema mzee. "Alikuwa mchapakazi. Ratiba zake zilikuwa nzuri sana."

Niliitafsiri sentensi hiyo polepole, neno kwa neno, na sitasema kwamba sikuifurahia. Kisha ikasikika sauti ya Ssebo kutoka kwenye kona. "Mwenyekiti, mzee wa watu alikuwa na nchi nzima, akaridhika na sita. Wewe una sinki, na tisa hazijakutosha?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka, lakini alifungua mlango, na vijana wa chumba cha tatu, kwa aibu au kwa udadisi, wakasema tupike pamoja nao. Wao walikuwa na samaki, mimi nikawa na unga.

Nilisonga ugali ule kama ninayefanya mtihani. Mzee alisimama nyuma yangu akitoa ushauri usiotakiwa. Alitaka kujua kama mahindi tuliyachemsha kwanza kwa chokaa.

"Chokaa?" nikauliza. "Ile ya kupaka ukuta?"

"Ndiyo. Bila chokaa, hindi halijawa chakula. Tuliwapa mahindi mkasahau kuchukua maelezo."

Nilipotafsiri, mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja. "Mzee huyu mtoeni jikoni," akasema. "Atatuua."

Tukala sakafuni, mikono kwenye sinia moja. Mzee alikata tonge, akalipiga kati ya viganja hadi likawa bapa, akaweka samaki na pilipili ndani, akajaribu kulikunja. Likapasuka likamwagika kwenye shati. Akajaribu tena, likapasuka tena. Chumba cha tatu walimfundisha kubonyeza tonge kwa dole gumba, naye akatii. Alipomaliza la nne akasema, kwa shida, kwamba si uji wa mtu mvivu. Nikamwomba arudie mbele ya mashahidi. Akarudia.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Ilikuwa katibu.

"Mko wapi?"

"Tumekwama kwenye foleni, mama," nikasema.

Nyuma yangu kitunguu kiliingia kwenye mafuta ya moto, na mwenyekiti akapaza sauti, "Chumba cha tano, jiandaeni!"

"Foleni gani hiyo inayokaangwa?" akauliza katibu.

Mzee aliinyakua simu, akazungumza kwa lugha yao, kwa kifupi, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa, kisha akanirudishia nimwelekeze katibu njia. Dakika ishirini baadaye katibu alishuka kwenye teksi na faili lake, amekasirika hadi ncha za masikio. Alilitazama shati la mzee, akamtazama samaki, akauliza kuna chumvi kiasi gani. Mwenyekiti ndiye aliyeokoa siku. Alimletea kiti pekee cha nyumba hiyo, akakifuta kwa mkono, akamkaribisha kwa heshima zote za pwani, na akamwekea samaki wa upande wa mgongo. Katibu akala kidogo, kisha akala sana. Alipoondoka alimwambia mwenyekiti kwamba ni mtu pekee mwenye utaratibu aliyekutana naye Doha. Mwenyekiti aliniomba nitafsiri mara mbili.

Niliwapeleka uwanja wa ndege jioni ile. Mzee alinishika mkono akasema, "Mwangalie mwenyekiti wako. Ni mwanasiasa kamili." Kisha akaingia ndani, na sikumwona tena. Katibu hakunishitaki, nami sijui kwa nini.

Lakini nyumbani mambo hayakutulia. Wiki iliyofuata watu walizungumza habari za miaka sita bafuni, kitandani, kwenye basi la kazini. Mwisho kikaitishwa kikao, na Ssebo akatoa hoja: kama nchi ni miaka sita, basi jiko ni miezi sita, mara moja, na mtu harudi tena. Mwenyekiti hakupinga. Alisema tu, kwa ile sauti yake laini, kwamba mpira ni rahisi ukiwa jukwaani. Tukapiga kura kwa vijiko. Sufuria moja ilikuwa yake, kwa kuwa hesabu ilianza upya siku hiyo, na nyingine yangu, kwa sababu mimi niliyemleta mzee ndimi niliyeonekana kuelewa mfumo. Vijiko tisa vililia kwenye sufuria yangu. Mwenyekiti akavua kamba shingoni, akanikabidhi.

Nilikuwa nimeahidi kwamba kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuondoa lile kufuli. Nilipolishika mkononi, niliona lina faida zake. Bila kufuli, nani angejua nani ameacha gesi wazi? Nikaliacha kwa muda. Ratiba nikaiandika upya kwa haki kabisa, vyumba vikizunguka kwa zamu, ila Ijumaa saa saba nilijipa mimi, pia kwa muda, ili nisimamie mageuzi nikiwa nimeshiba.

Sikujua jinsi ufunguo mdogo unavyobadilisha sauti za watu. Waliokuwa wakinisalimu kwa kidevu walianza kunisalimu kwa mikono miwili. Chapati zilinifuata chumbani zikiwa zimefunikwa. Mtu alicheka utani wangu ambao Ssebo, mwenzangu wa chumbani, alikuwa ameshausikia mara nane na hajawahi kuucheka. Mwezi wa nne nilibuni mradi wa kufunga feni ya kutolea moshi. Mwezi wa tano nikagundua kwamba mradi kama huo hauwezi kukamilika katika muda uliobaki. Nililala nikiwaza feni ile, na niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba nawaza feni.

Mwezi wa sita ulipoisha niliitisha kikao. Nilisimama mbele yao nikasema kuna jambo la kitaalamu la kufafanua. "Ile miezi sita, ndugu zangu, tuihesabu tangu siku ya kura, au tangu ratiba mpya ilipobandikwa?"

Ssebo alinitazama tu. Wengine walitazama miguu yao. Nikaendelea kueleza habari za feni, uzoefu, na hatari ya kubadilisha uongozi kazi ikiwa katikati. Kisha akasimama mtu mmoja kuniunga mkono, na alikuwa mwenyekiti wa zamani.

"Mwalimu asema kweli," akasema kwa upole. "Mtu hawezi kujenga kwa miezi sita. Aachwe aendelee. Na akimaliza yeye, tutazame pia kama wale walioondolewa mapema hawakuonewa. Maana hata mimi nilikuwa na feni yangu."

Kila alilosema lilikuwa langu. Alilisema vizuri kuliko mimi, kwa sababu alikuwa amelisema kwa miaka tisa. Nilihisi uso ukipata moto kuanzia shingoni. Nilitaka aketi, na hakuketi. Aliendelea kunisifu, na kila sifa ilinivua nguo moja. Alipofika kwenye hekima yangu nikamkatiza, nikavua kamba, nikaiweka kwenye sakafu katikati yao. Nikasema miezi imeisha. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja akauliza tu nani anafuata.

Alifuata Ssebo. Siku hiyo hiyo aling'oa kufuli kwa bisibisi, na kwa wiki mbili jiko lilikuwa fujo tupu, gesi ikiisha hovyo, sufuria zikipotea. Halafu watu wakazoea, wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe nani anapika lini, na fujo ikapungua hadi ikawa ya kuvumilika. Mimi na mwenyekiti wa zamani tuliangukia zamu moja, saa kumi. Tulisimama bega kwa bega, yeye akikaanga, mimi nikisonga, na hatukuwa na maongezi mengine isipokuwa makosa ya serikali mpya. Tuliona kila kitu. Sinki halisuguliwi, ratiba imeandikwa kwa penseli, vijana hawana adabu. Nakiri kwamba zile zilikuwa jioni nzuri. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyejua nilichokuwa nakihisi, na hakuwahi kunicheka.

Baada ya mwaka mwingine tuliambiwa tuhame, nyumba inabomolewa. Tukatawanyika. Ssebo alirudi Uganda kuoa. Mwenyekiti wa zamani alihamia Al Wakrah, kwenye nyumba ya watu wanne yenye majiko mawili, na Ijumaa moja nikaenda kumtembelea. Alikuwa amepungua mwili. Alinipikia wali wa nazi na samaki saa tano asubuhi, bila kumwuliza mtu yeyote.

"Hapa napika wakati wowote ninaotaka," akaniambia akipakua. "Hakuna ratiba, hakuna kelele, hakuna anayegombana na mwenzake." Akaketi, akatazama kidogo mlango wa jiko uliokuwa wazi. "Sijui, Mwalimu. Maisha mazuri. Lakini watu wenyewe hawajui hata kusafisha sinki, na hakuna wa kuwaambia."

Nikamwambia awaambie yeye.

"Nimeanza," akasema, akanisukumia sahani.